Gereji ya rangi: mkague fundi kwa gari ambalo halijaisha

Mteja akiingia gerejini, kitu cha kwanza ni kulisogelea lile gari lililoegeshwa mbele, limepigwa polishi, akajitazama uso kwenye mlango. Anatabasamu. Sisi mafundi tunalijua hilo, ndiyo maana tunaliegesha pale. Ila gari hilo halikwambii chochote. Mng'ao ni kazi ya kompaundi (dawa nzito ya kusugulia rangi) na mashine ya polishi, jioni moja tu, na ukiosha mara nne tano unaondoka. Mimi napiga rangi hapa Arusha mwaka wa 14 sasa, nilianzia Unga Limited kama kijana wa msasa, na ninavyojua ni kwamba rangi nzuri au mbovu huamuliwa kabla hata kopo halijafunguliwa. Kwa hiyo ukitaka kumjua fundi, pita nyuma ya banda utafute gari ambalo bado: la kijivu cha praima (rangi ya chini ya kushikishia), lenye mabaka ya puti ya kusawazishia bati, lililofungwa magazeti na tepu. Hilo halidanganyi.

Hatua ya 1: Pima jeraha mwenyewe

Kabla ya kwenda popote, osha gari, likauke, kisha pitisha kucha kwenye mkwaruzo. Kucha ikiteleza bila kunasa, umekwaruzwa klia tu, ile tabaka ya juu isiyo na rangi. Hiyo ni kazi ya polishi, na ukiambiwa upige rangi mlango mzima, ondoka. Kucha ikinasa, na ndani unaona kijivu au bati lenyewe, hapo rangi inahitajika, tena usichelewe, maana masika yakianza mwezi wa tatu kutu itatembea chini ya rangi iliyobaki.

Kuna jambo moja linawaponza wengi. Bodaboda akikugusa kwenye foleni ya Mbauda, ile mistari myeusi mlangoni mara nyingi ni mpira wa mpini wake uliobaki juu ya rangi yako, si rangi yako iliyotoka. Kompaundi kidogo na kitambaa, umemaliza. Kama una bima kubwa na unataka kudai, usiruhusu mtu aguse kitu mpaka bima waje wakague.

Hatua ya 2: Tembelea gereji bila miadi

Nenda siku ya kazi, asubuhi, bila kupiga simu. Salimia, sema unaulizia bei, halafu acha macho yafanye kazi.

Tazama gari lililo kwenye puti (wengine wanaita filla). Puti ni ya kusawazisha, si ya kujaza shimo. Fundi bodi mzuri kwanza analivuta bati na kuligonga taratibu mpaka linakaribia umbo lake, ndipo puti inapakwa nyembamba, isizidi milimita 3 hivi. Ukiona kijana anaweka puti nene kama ugali kwenye bonde ambalo halijanyooshwa, umeshapata jibu. Puti ya namna hiyo inasinyaa na kupasuka, na barabara zetu za mitikisiko haziisubirii.

Tazama misasa. Kwenye gereji inayojua kazi utaona namba tofauti: 80 na 120 za kukwangua puti, 180 na 240 za kulainisha, 400 mpaka 800 juu ya praima. Ukikuta msasa mmoja uliochakaa unafanya kazi zote, mikwaruzo ya chini itakuja kuchomoza juu ya rangi baada ya wiki kadhaa, wakati pesa umeshalipa.

Tazama kompresa. Hapa wateja hawaangalii kabisa, na mimi ndipo ninapoangalia kwanza nikienda kwa mwenzangu. Hewa ikikandamizwa inatoa maji, na maji yanakaa chini ya tangi. Muulize kijana yeyote, “Mdogo wangu, hapa chini mnafungua lini?” Akikujibu kila asubuhi, na ukaona ardhi chini ya koki ina alama ya majimaji ya kutu, vizuri. Akikushangaa, maji yale yanapita kwenye bomba na kuingia kwenye rangi, na malengelenge utayaona mwenyewe baadaye.

Halafu banda la kupulizia. Si lazima iwe oveni, kile chumba cha kupulizia na kukaushia kwa joto. Oveni ni nzuri, inakausha klia kwa nyuzi joto 60 kwa nusu saa hivi, lakini kazi safi inatoka pia kwenye banda la kawaida lililozibwa turubai, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi litulie. Tatizo ni anayepulizia nje, kando ya barabara ya vumbi. Hilo usibishane nalo.

La mwisho linaweza kukushangaza: tazama pua za vijana. Klia ya tupaki ni ile inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha iwe ngumu, na hadina hiyo ina kemikali zinazoweza kumpa mtu pumu ya maisha. Fundi anayepulizia akiwa amejifunga kitambaa tu badala ya barakoa yenye vichujio ama hajui anachotumia, ama anatumia laka ya bei ya chini, ile isiyo na hadina, ama hajali. Hakuna jibu zuri kati ya hayo.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu namba ya rangi

Gari lina kibati au karatasi yenye namba ya rangi. Kwenye Toyota kitafute ndani ya boneti, kwenye ukuta wa nyuma ya injini, au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, palipoandikwa COLOR au C/TR. Namba 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, 1F7 fedha ya metaliki. Na 070 ni nyeupe ya lulu, ile inayopigwa tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu juu yake, kisha klia.

Nina sababu ya kuitaja 070. Mwaka wangu wa tano kazini mama mmoja aliniletea Harrier, mlango wa nyuma umebonyea. Nikaisoma namba, nikachanganyiwa rangi dukani, nikapiga moja kwa moja. Ndani ya banda ilikuwa sawasawa. Jumapili, baada ya ibada, mama akarudi, hakugombeza hata. Akaegesha juani, akashuka, akasema, “Baba, mlango huu umeutoa kwenye gari gani?” Nikatazama. Nilikuwa nimepiga lulu koti moja zaidi, mlango ukawa wa njano kidogo kama maziwa yaliyolala. Nikaupiga upya kwa gharama yangu.

Tangu siku ile sipigi rangi bila kupulizia kwanza kwenye kipande cha bati, kikauke na klia yake, nikiweke juu ya gari juani. Namba ya rangi ni mahali pa kuanzia tu. Gari lililokaa miaka kumi na jua la huku juu, mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, limeshapauka. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni hili: “Utanionyesha kibati cha majaribio kabla ya kupiga?” Akisema jicho lake linatosha, jua kwamba na mimi jicho langu lilikuwa linatosha.

Kwa metaliki na lulu muulize pia kama atafifisha rangi mpaka kwenye kipande cha jirani. Ukipiga fenda peke yake na kukata rangi pale inapokutana na mlango, tofauti ndogo itaonekana hata na mtoto. Anayejua anaivuta rangi kidogo kidogo kuingia mlangoni, halafu klia anaipiga mlango mzima.

Hatua ya 4: Patana kwa maandishi

Fupi tu. Vipande vinavyopigwa vitajwe kimoja kimoja, aina ya klia itajwe, siku ya kukabidhi, na nani analipa rangi isipofanana. Piga picha gari zima, dashibodi na kiwango cha mafuta. Malipo ya awali yawe ya vifaa, usimalize yote. Na kama unabadilisha rangi ya gari, kumbuka kadi ya gari ina rangi ya zamani, itabidi TRA warekebishe.

Hatua ya 5: Pita katikati ya kazi

Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba utapita kabla praima haijapigwa. Ukifika, funga macho, upitishe kiganja juu ya puti, vidole vikiwa vimelala, kutoka kwenye bati zima kuelekea palipotengenezwa. Macho hudanganyika, lakini kiganja kinasikia kila bonde. Ukihisi ukingo sasa, rangi haitauficha. Itauonyesha zaidi.

Angalia vilevile kama vitasa, mipira na taa vimetolewa au vimezungushiwa tepu tu. Kutoa ni kazi ya ziada, na si kila kitu kinahitaji kutolewa, ila kitasa kikiachwa, rangi inajenga ukuta mdogo pembeni yake, na ndiko maganda yataanzia. Bampa ya plastiki inataka praima yake ya plastiki. Bila hiyo rangi inabanduka kama ngozi ya ndizi.

Mwezi wa sita na wa saba usimharakishe. Baridi ya Arusha ile ya mawingu kutwa inachelewesha kila koti. Fundi aliyeharakishwa anapiga la pili kabla la kwanza halijatoa tina yake (kimiminika cha kuyeyushia rangi), na tina iliyofungiwa ndani itatafuta pa kutokea: vitundu kama vya sindano kwenye klia. Nimeyafanya haya pia, kwa Noah ya mtu aliyekuwa na harusi Moshi Jumamosi.

Hatua ya 6: Kukagua kabla ya kulipa

Usikague jioni ndani ya banda, na usikague gari likiwa limelowa, maana maji yanaficha karibu kila kosa. Saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, jua likiwa limeinama, gari liwe nje, kavu. Fundi akikuambia njoo saa moja usiku baada ya kazi, mjibu utakuja kesho.

Anza na mistari. Simama karibu na taa ya nyuma, inama, utazame ubavu wa gari kuelekea mbele, ukitafuta mwakisi wa kitu kilichonyooka: nguzo ya umeme, ukingo wa paa la bati. Tembea polepole. Mstari ule ukipita kwenye mlango uliotengenezwa ukayumba kama nyoka, bati halikunyooshwa. Ukikatika vipande vidogo vidogo, uso umekuwa kama ganda la chungwa: klia ilikuwa nzito au presha ndogo. Ganda la chungwa dogo hata magari mapya yanatoka nalo kiwandani. Linganisha na kipande kisichoguswa, usidai kioo.

Kisha rangi. Simama mbele ya mlango, halafu usogee pembeni utazame kwa mshazari. Metaliki inaweza kufanana ukiwa mbele na kuwa nyeusi ukiwa pembeni. Tafuta mabaka kama mawingu, hayo ni mkono uliokuwa unakwenda mbio sehemu moja na kusita nyingine.

Kisha kingo. Fungua mlango, inua mpira kwa ukucha. Ukikuta ngazi ya rangi inayoshikika, au unga wa rangi kwenye mpira, kioo au tairi, kufunika kulifanywa kwa haraka. Chini ya mlango, usawa wa magoti, ndipo rangi hulia machozi, yaani hutiririka na kukauka kwa matone. Piga goti utazame.

Punje za vumbi mbili tatu kwenye boneti si kosa la kugombania, zinaondoka kwa msasa wa 2000 na polishi. Vishimo vya duara vyenye kitako ni jambo lingine: palikuwa na mafuta au silikoni kabla ya kupiga, na polishi haiviondoi.

Ukiwa na wasiwasi na puti, chukua sumaku nyembamba, ifunge kitambaa laini, iguse sehemu nzima kisha iliyotengenezwa. Ikidondoka, chini kuna puti nene. Kwenye bampa na bati la alumini sumaku haifanyi kazi. Wenye kipimo cha unene wataona zaidi: rangi ya kiwandani huwa kati ya maikroni 80 na 150 hivi, na ikipita 1,000 unapima puti, si rangi.

Na kama uliahidiwa tupaki, iombe ithibitike. Kitambaa cheupe, tone la tina, sehemu iliyofichika kama ndani ya ukingo wa mlango, siku kadhaa baada ya kukauka. Tupaki iliyokauka haiachi rangi kwenye kitambaa. Laka inaacha. Mwambie fundi kabla hujafanya hivyo. Nyuma ya mgongo wake ni utovu wa adabu.

Hatua ya 7: Mwezi wa kwanza baada ya kupiga rangi

Wiki ya kwanza usioshe, na usimpe kijana wa kuosha magari afike na mashine yenye presha na sabuni ya unga. Wiki zinazofuata maji ya kawaida na sponji laini vinatosha. Nta ngoja mwezi mzima au zaidi, klia bado inapumua. Kinyesi cha ndege kitoe siku hiyohiyo kwa maji, usikikwangue. Na kama ni mwezi wa kumi, usiegeshe chini ya mijakaranda, hata kivuli kikiwa kitamu namna gani. Yale maua yakilala usiku kucha juu ya klia changa, asubuhi utakuta umbo lake limechorwa, na utarudi kwangu.