Kutoka milo mitatu hadi miwili bila kuudhoofisha mwili

Wengi wanaoamua kuacha mlo mmoja ili kubana matumizi huacha ule wa nyumbani, ambao ndio wa bei nafuu. Ikifika saa tano njaa inawakuta njiani, wananunua kitafunio na soda, na jioni wanapakua mara mbili. Wiki ikiisha pesa zimetoka zaidi ya awali na mwili haukupata kitu cha maana. Mlo wa kuacha ni ule unaomaliza pesa, hata kama si ule ulio rahisi kuuruka.

Mpango huu ni wa mtu mzima mwenye afya. Watoto na vijana wanaokua, wajawazito, wanaonyonyesha, wazee waliokwisha kukonda na yeyote aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula wasipunguze milo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiguse ratiba yake kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu akikosa mlo huku dawa inafanya kazi, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Nyumba ikiwa na watu hao, wao wanaendelea kula kama kawaida.

Wiki ya kwanza usiache chochote. Chukua daftari, chora safu nne: asubuhi, mchana, jioni na katikati. Andika kila kinachoingia kinywani pamoja na bei yake, hata peremende na kikombe cha chai ya kununua. Siku ya 7 jumlisha kila safu. Safu ya "katikati" ndiyo huwashtua watu, maana ni pesa ndogondogo zisizokumbukwa. Ikiwa ndiyo kubwa kuliko zote, futa hiyo na milo yako mitatu uiache ilivyo, kazi imekwisha. Ikiwa kubwa ni ya mchana kwa sababu unakula nje, hapo ndipo pa kukata. Hesabu na moto pia: mlo unaopikiwa peke yake una gesi, mkaa au umeme wake.

Sasa hesabu ya sahani, na hapa usiwe na haraka. Ukiondoa mlo, mahitaji ya mwili hayapungui. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini karibu gramu 48 kwa siku, yaani gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, na nishati kama kilokalori 2,000, zaidi ya hapo akiwa anafanya kazi ya nguvu. Gawa kwa 2. Kila sahani inatakiwa ibebe protini gramu 24 na kilokalori 900 hadi 1,000. Sahani inayofika hapo ni hii: maharage makavu gramu 100, mchele mkavu gramu 120, mafuta ya kupikia kijiko kimoja kikubwa, na mboga za majani au kabichi gramu 200. Maharage yanatoa protini kama gramu 21, mchele kama 8. Yakiiva, maharage hayo huwa karibu gramu 250, na wali hupita gramu 300. Pima kwa mizani au kwa kikombe kilekile kila siku. Anayepima kwa macho huongeza wali na kupunguza maharage, kwa sababu wali ndio unaojaza sahani, kisha anashangaa njaa imerudi mapema.

Mafuta usiyafute. Gramu 1 ya mafuta ina kilokalori 9, wakati wanga na protini zina 4 tu, kwa hiyo kijiko kimoja kinatoa karibu 120. Ni nishati ya bei nafuu, na chakula kilichotiwa mafuta hukaa tumboni muda mrefu kuliko kisicho nayo.

Unapochagua protini, usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Gawa bei hiyo kwa gramu za protini zilizomo. Kilo ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 200, nyama isiyo na mfupa kama 200, na mayai bila maganda kama 125. Yai moja lina kama 6. Nyama yenye mifupa ihesabu baada ya kutoa uzito wa mfupa.

Maharage pika ya siku tatu kwa mkupuo mmoja. Yachambue, yaloweke usiku kucha, kisha mwaga maji hayo. Bandika na maji mapya, na yakishachemka yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 za kwanza kabla ya kupunguza moto. Hili ni la lazima, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu inayoharibiwa na mchemko halisi, na moto mdogo tangu mwanzo hauiondoi hata ukipika nusu siku. Nyanya, ndimu au ukwaju weka yakishalainika, kwa kuwa uchachu hufanya maganda yabaki magumu. Bonyeza punje moja kati ya kidole gumba na cha shahada: ikibonyea yote hadi katikati, epua; ikiacha kiini kigumu, bado. Yasiyolainika baada ya saa tatu kwa kawaida ni ya zamani sana ghalani, na ni hasara ya moto kuendelea nayo.

Kiporo kiingie kwenye friji ndani ya muda wa saa 2, kikiwa kwenye vyombo vya kina kifupi ili kipoe upesi, na kiliwe ndani ya siku 3 au 4. Wali ndio wa kuogopwa zaidi. Wali ukilala nje ya friji, bakteria walionusurika kwenye mpiko huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Kama huna friji, pika wali wa mlo huo tu.

Ratiba usiibadili kwa siku moja. Ukizoea kula saa moja asubuhi, sogeza mlo mbele nusu saa kila baada ya siku mbili. Siku ya 12 utakuwa umefika saa nne. Mlo wa pili uwe saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Katikati ni maji. Chai au kahawa isiyo na sukari inaruhusiwa, ila iache saa moja mbali na mlo, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Ndimu au chungwa pamoja na mlo hufanya kinyume chake: husaidia kuyafyonza.

Njaa ikikuamsha usiku, sahani ya jioni ni ndogo. Ongeza maharage, si wali. Kichwa kikiuma siku mbili tatu za mwanzo, angalia kama hukupunguza kahawa au chai kwa ghafla. Choo kikiwa kigumu, umekosa maji na mboga. Gesi tumboni hutokana na kuruka ghafla kwenye maharage mengi: wiki ya kwanza ya milo miwili anza na gramu 50 kwa sahani, na upungufu uzibe kwa mayai mawili. Sokoni nenda ukishakula, na orodha ya manunuzi mkononi.

Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Ukipungua jumla ya zaidi ya kilo 1 ndani ya wiki mbili bila kukusudia, ongeza mchele mkavu gramu 50 na kijiko kimoja cha mafuta kwenye kila mlo. Hizo ni kilokalori kama 600 kwa siku. Wiki mbili zikipita na uzito bado unashuka, au ukipata kizunguzungu unaposimama, rudisha mlo wa tatu siku hiyohiyo na umwone mhudumu wa afya.