Kutoka wakulima 36 hadi kata nzima: somo la takwimu kwa wanaoanza

Wiki hii nimeulizwa mara saba maana ya p, ile namba inayotolewa na majaribio ya takwimu (tutaifikia hatua ya 5), kwa hiyo ninaandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Taja unamzungumzia nani: tuseme wakulima wote wa viazi mviringo katika kata moja upande wa Uyole, Mbeya.

Hatua ya 2. Chagua sampuli, yaani wachache watakaowawakilisha wote, kwa kura. Vikaratasi na kofia vinatosha.

Hatua ya 3. Hesabu vitu vinavyojitegemea. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikwenda mashamba 3, nikapima mashina 20 kila shamba, nikaandika kwamba sampuli yangu ni 60. Mashina ya shamba moja hula mbolea moja, hunyeshewa mvua moja na hupaliliwa na mkono uleule, hivyo hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Kuhusu wakulima nilikuwa na watu 3 tu. Msimamizi wangu aliuliza, "Wakulima wangapi?", na kazi ya msimu mzima ikaanza upya. Angalieni: programu ya kompyuta haitawazuia, itawapa jibu safi lenye uongo ndani.

Hatua ya 4. Wakulima 36 wakiwa na wastani wa magunia 40 kwa ekari (ya kilo 100, siyo lumbesa) na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi mavuno yao yanavyotawanyika kuzunguka wastani) wa 12, gawanya 12 kwa kipeuo cha pili cha 36. Kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi wastani unavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine, ni 2. Nenda makosa sanifu mawili kila upande wa 40: magunia 36 hadi 44. Njia hii ikirudiwa kwa sampuli nyingi, takriban mara 95 kati ya 100 itaunasa wastani wa kweli.

Hatua ya 5. Ukilinganisha mbegu mbili, p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama uliyoiona, au zaidi, endapo kwa kweli tofauti haipo. Haisemi dhana yako ina uwezekano gani wa kuwa kweli.

Maswali

— Mkuu, p yangu ni 0.06. Nimwondoe mkulima gani ishuke chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka?

— Hakuna. Andika 0.06.

— Mwalimu, shikamoo. Nikiongeza wakulima mara nne, kosa sanifu litabaki robo?

— Marahaba. Litabaki nusu, kwa sababu ya kile kipeuo: wakulima 144 hutupa 12 ikigawanywa kwa 12, yaani 1. Ukiwa na wachache, kama 8, tumia jaribio la t, njia ya kupima wastani kwa sampuli ndogo, ambalo msingi wake ulichapishwa mwaka 1908 na William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyesumbuliwa na sampuli ndogo kama zetu.

— Naongezea: viazi vipukutwe udongo kabla ya kupimwa, maana tope la masika nalo lina kilo zake.

— Kweli kabisa, na mizani iwe ileile msimu mzima.