Namna ya kuandaa mkutano wa wakuu na nchi ndogo za visiwa

Tarehe 13 Desemba 2023, mjini Dubai, rais wa mkutano wa 28 wa tabianchi aligonga nyundo na uamuzi mkuu ukapita ilhali wajumbe wa nchi ndogo za visiwa hawakuwamo ukumbini, kwa kuwa walikuwa wangali wakioanisha msimamo wa nchi 39 katika chumba kingine. Anne Rasmussen wa Samoa, aliyewasemea, alilitamka jambo hilo mbele ya mkutano mzima. Katika kazi yangu ya itifaki, kila ninapoandaa mkutano na nchi za visiwa ninaanzia hapo, na hatua zote zinazofuata zina lengo moja: uamuzi usipitishwe mgeni akiwa nje ya mlango.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kutazama bahari. Msimu wa vimbunga katika kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi na katika Pasifiki ya Kusini huanza Novemba na kuishia Aprili, na katika Karibi huanza Juni hadi Novemba. Kiongozi ambaye kimbunga kimeezua mapaa ya wananchi wake hawezi kusafiri, wala hapaswi kuombwa asafiri. Mei ndio mwezi usioangukia katika misimu hiyo, na mkutano wa nne wa kimataifa wa nchi hizi ulifanyika Antigua na Barbuda tarehe 27 hadi 30 Mei 2024. Zingatia pia mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa Komoro na Maldivi ni nchi za Waislamu.

Hatua ya 2: Fuatilia safari nzima, si kutua kwake tu. Mjumbe wa Pasifiki hubadilisha ndege mara mbili au tatu kabla ya kufika Afrika Mashariki, na kila anapopita huenda akadaiwa viza. Andika barua za kuombea viza za kupitia mapema, tenga fungu la nauli katika bajeti, na mpe kila ujumbe siku moja ya kupumzika kabla ya kikao cha kwanza.

Hatua ya 3: Panga ratiba kwa kipimo cha ujumbe wa watu wawili. Hapa ndipo wenyeji wengi hukosea, nami nimewahi kukosea. Katika mkutano mmoja niliouhudumia tulipanga vikao viwili kwa wakati mmoja, kimoja cha uvuvi na kingine cha fedha za tabianchi. Nilimkuta mama mmoja, mjumbe wa kisiwa, amesimama kwenye ujia katikati ya milango miwili, mkononi ana majalada mawili, na waziri wake yuko kwenye mazungumzo ya pande mbili ghorofa ya juu. Aliniuliza, kwa upole kabisa, katika vikao vile viwili ni kipi ambacho nchi yake ingeweza kukikosa. Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo sipangi vikao sambamba hata kama mkutano utarefuka kwa siku nzima, na mazungumzo ya pande mbili nayaweka katika saa ambazo kikao kikuu kimesimama.

Hatua ya 4: Hakiki majina, vyeo na ramani, na uhakiki ufanywe na wenyewe. Mshereheshaji afundishwe kwamba Kiribati hutamkwa «Kiribas», na kwamba tangu 2013 serikali ya Cabo Verde imeomba jina la nchi yake libaki hivyo katika kila lugha. Mkuu wa nchi ya Tuvalu ni Mfalme Charles, anayewakilishwa na gavana mkuu, lakini anayekuja mkutanoni kwa kawaida ni waziri mkuu. Ukifuata daraja za itifaki bila kufikiri, utamketisha nyuma ya marais wote. Kwa sababu hiyo napendelea viti vifuate alfabeti ya majina ya nchi.

Ramani ni hatari zaidi. Bendera ya Komoro ina nyota 4, na moja kati ya hizo ni ya Maore, kisiwa ambacho Ufaransa inakitawala kama mkoa wake. Morisi nayo inadai visiwa vya Chagos, na tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza ina wajibu wa kukomesha utawala wake huko. Nakumbuka jioni moja mpiga chapa alipotuletea kitambaa cha jukwaani chenye ramani ya bahari yetu, na ofisa wa Komoro aliyetangulia kukagua ukumbi akaweka kidole juu ya Maore, iliyotiwa rangi ya Ufaransa, asiseme neno. Usiku huohuo tulikishusha tukatundika kitambaa cha buluu kisicho na chochote.

Hatua ya 5: Lugha. Wakalimani wafanye kazi wawili wawili, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi. Shikomori, lugha ya Komoro, ni ndugu wa Kiswahili, lakini undugu huo usikufanye uache kumwajiri mkalimani, maana rasimu ya tamko haitaki neno la kukisiwa.

Hatua ya 6: Funga rasimu asubuhi. Itume kwa wajumbe wiki 6 kabla ya mkutano, na maneno yaliyobaki kwenye mabano, yaani ambayo bado hayajakubaliwa, yajadiliwe katika chumba kimoja tu. Kumbuka kwamba saa 6 mchana Dar es Salaam ni saa 4 usiku Apia, mji mkuu wa Samoa. Mjumbe wa Samoa anayehitaji idhini ya serikali yake mchana wa siku ya mwisho atalazimika kuwaamsha watu. Kwa hiyo maneno ya mwisho yawe mezani saa 3 asubuhi, siku moja kabla ya kupitishwa.

Hatua ya 7: Kabla mwenyekiti hajaishika nyundo, ofisa mmoja apite safu kwa safu akiwa na orodha ya nchi mkononi, ahesabu viti. Kiti kimoja kikiwa kitupu, ampelekee mwenyekiti kikaratasi chenye jina la nchi hiyo, na mwenyekiti asubiri mpaka mwenye kiti aketi.