SOMO: Vihusishi vya Kihispania, na maneno ya mtaani yatakayokuumbua

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne tofauti ya por na para. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namrushia kiungo. Mimi ni mwongoza watalii Arusha. Kihispania nilifundishwa na mwalimu wa Hispania, kilichobaki nimefundishwa na aibu.

Hatua ya 1. Kariri tu: con ni pamoja na, sin ni bila, entre ni kati ya, desde ni kuanzia, hacia ni kuelekea. A ikikutana na el inakuwa al, de na el ni del.

Hatua ya 2. Sahau -ni. Sisi tunasema natoka nyumbani, nipo nyumbani, naenda nyumbani. Neno halibadiliki, mzigo wote anabeba kitenzi. Wao wanabadilisha kihusishi: salgo de casa, estoy en casa, voy a casa.

Hatua ya 3. Mtu hupewa a. Veo a Juma, lakini veo un árbol (naona mti). Msishangae, hata sisi twasema namwona Juma. Hiyo -m- yetu ndiyo a yao. Ila sisi hata simba tunampa, wao simba wa porini wanamnyima: vimos un león.

Hatua ya 4. Por na para. Para inatazama mbele: unakokwenda, lengo, atakayepokea, siku ya mwisho. Por ni sababu, bei, au njia unayopita. Salimos para Ngorongoro, pasamos por Karatu: tunaondoka kwenda Ngorongoro, tunapitia Karatu. Esta agua es para usted: maji haya ni yako. Gracias por la propina: tipu umeshapewa, ndiyo sababu unashukuru. Asubuhi, Hispania ni por la mañana, Mexico utasikia en la mañana, Buenos Aires a la mañana. Mfuate mgeni wako.

Hatua ya 5. Hasta. Hapa niliumia. Mwalimu alisema hasta ni hadi, nikaridhika. Jioni moja, nikiwa na familia ya watu sita kutoka Mexico, nikawaambia: mañana el comedor abre hasta las siete. Kichwani mwangu, chai ipo hadi saa moja, msichelewe. Kulipokucha nikakaa mezani peke yangu, natazama ngazi. Saa moja na dakika tano ndiyo wanateremka, mama na kofia yake, wamependeza, na wapishi wanafuta meza. Baba akaniambia kwa upole kabisa: "Usted dijo hasta las siete." Yaani, wewe ndiye uliyesema. Tukaondoka na mayai ya kuchemsha na mkate mkavu, tukakuta getini foleni ya magari ishajaa.

Kumbe kwa Wamexico wengi, na sehemu za Amerika ya Kati, abre hasta las siete ni kwamba hapafunguliwi mpaka saa moja ifike. Kwa Mhispania ni kwamba pako wazi hadi saa moja. Llega hasta mañana vilevile: Mexico ni hafiki mpaka kesho.

ONYO: kwenye saa usiache hasta peke yake. Taja pande zote mbili: de cinco y media a siete, yaani saa kumi na moja na nusu hadi saa moja.
ONYO la pili: las siete ni saa moja yetu. Ukichoka utachanganya, na utachoka.

Hatua ya 6. Mtaani. Coger kwa Mhispania ni kuchukua, au kupanda basi. Kwa Mmexico na Muajentina ni mambo ya chumbani. Usimwahidi mama wa watu kwamba utam-coger hotelini! Sema recoger, na basi ni tomar. Basi lenyewe Mexico ni camión, neno ambalo kwingine ni lori. Cuba na visiwa vya Canarias ni guagua, ila Chile guagua ni mtoto mchanga. "Poa" ni guay Hispania, chido Mexico, chévere Colombia, copado Argentina. Mshikaji ni tío Hispania, güey Mexico, parce Colombia. Mgeni anayekulipa usimwite güey, hata yeye akikuita.

MASWALI

Kijana wa Moshi: Mkuu, por na para tofauti yake nini?
— Hatua ya 4.

Mzee wa Shortcut: Si naweka kwenye programu ya kutafsiri inamaliza kila kitu?
— Iulize hasta, kisha uje nikuchemshie mayai.

Binti Pangani: Kaka, hiyo hasta mbona kama hata yetu?
— Dada umenikosha. Ni ndugu wa damu, zote zimetoka kwenye hatta ya Kiarabu. Hasta los niños lo saben: hata watoto wanajua. Na bibi akisema "wakakaa hata siku moja", hiyo ni mpaka. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu 711 hadi 1492, ndiyo maana una azúcar na sukari, naranja (chungwa) na narinji. Ojalá (laiti) nayo ina Mungu ndani yake, isikilize vizuri. Ukipata nyingine zilete.

Mtaalamu: Umepotosha. Nimesoma na Wamexico, wanasema no abre hasta las siete, hapafunguliwi mpaka saa moja, wanaweka no.
— Hiyo nayo wanaisema, na inaeleweka kote. Sijasema kila Mmexico wala kila sentensi. Wewe ulikuwepo pale mezani?

Dereva Karatu: Nilisema voy a por agua (naenda kuchukua maji), Mkolombia akacheka. Nilikosea wapi?
— Hukukosea, uliongea Kihispania cha Hispania. Amerika ya Kusini wanasema voy por agua, bila hiyo a.

Binti Pangani: Na hayo mayai mliyabebaje yasipasuke?
— Kata trei ya mayai nafasi sita, funika na kipande kingine, funga kwa leso. Chumvi weka kwenye karatasi pembeni, mimi niliisahau.