Ndege ya vita porini: namna ya kuitoa bila kuimaliza

Ukisikia kuna ndege ya zamani imelala porini, mashine ya kukatia chuma iache nyumbani. Hapa Lubumbashi alumini haikosi mnunuzi. Wanunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu, wanapima kwa kilo, wayeyushaji wanangoja na moto umeshawaka, na bawa lililopita vitani linatoka huko likiwa masufuria. Siwalaumu, kila mtu ana nyumba ya kulisha. Ila ndege iliyokatwa haiungiki tena, na iliyofunguliwa nati moja moja inaungika hata kama imelala miaka sitini. Mengine yote nitakayoeleza yanatoka hapo.

Mimi ni fundi wa bati. Nilizoea kazi katika karakana ya migodi, nikahamia ndege ndogo pale kiwanja cha ndege cha Luano, na ndege ya vita niliyoishughulikia kwa kirefu ni ya aina ya Harvard. Kwa vijana ambao hawakusimuliwa: kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963 Katanga ilijitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, ikawa na kikosi chake cha ndege, zikiwemo Fouga Magister za jeti na Harvard za pangaboi. Umoja wa Mataifa nao ulileta za kwake: J 29 za Waswidi, Sabre za Waethiopia, Canberra za Wahindi. Mwishoni mwa Desemba 1962 zile za Waswidi zilishambulia kiwanja cha Kengere, kule Kolwezi, na kuziharibu ndege za Katanga zikiwa chini.

Kijiji ilikokuwa Harvard yetu sikitaji, na wewe usitaje chako. Picha inayoonyesha mahali ikishasambaa kwenye simu, wenye misumeno watafika kabla ya lori lako.

Safari ya kwanza nenda bila vifaa. Nenda kwa chefu wa kijiji, keti, eleza unatoka wapi na unataka nini. Mzee mmoja aliniambia, "Mama, hii ndege ina wenyewe," na alikuwa na maana ya watu waliofia mle. Uliza wazee: ilianguka saa za mchana au usiku, iliwaka au haikuwaka, nani aliwatoa waliokuwamo, walizikwa wapi. Andika majibu yote, hata yanayopingana. Ukikuta mfupa, kazi imesimama hapo hapo. Funika, rudi nyuma kwa nyayo zako, mwarifu chefu, kisha polisi na parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Usiokote kiatu, mkanda wala mkufu wenye jina, maana mahali kitu kilipolala panaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kumtambua mtu.

Kabla ya kurudi tena pita Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi na kwa msimamizi wa teritware, yaani mkuu wa serikali wa eneo hilo. Nchi hii ina sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni, na usiposhika karatasi zenye muhuri, kizuizi cha kwanza barabarani kitakugeuza mwizi. Kuna sababu nyingine iliyo kubwa kuliko vizuizi. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 karibu na Ndola, ng'ambo tu ya mpaka wetu, akienda kuonana na Tshombe. Zaidi ya nusu karne baadaye Umoja wa Mataifa ulimpa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa zamani wa Tanzania, kazi ya kuchunguza upya ilivyoanguka ndege yake, DC-6. Tundu kwenye bati, waya uliokatika, swichi ilivyoachwa, vyote ni ushahidi. Ukivihamisha kabla ya kupiga picha umemfunga mtu mdomo.

Sasa hatari. Ndege ya vita inaweza kuwa bado na risasi kwenye mikanda yake, roketi chini ya bawa, au bomu lililozama ardhini hatua chache kando. Kutu haiui bomu, inalifanya kigeugeu. Mtu yeyote asichimbe wala kuwasha moto wa chai pale mpaka wataalamu wa kutegua wapite. Kituo cha Kongo cha kupambana na mabomu ya ardhini, CCLAM, kipo kwa kazi hiyo. Miguu ya magurudumu nayo ina hewa iliyobanwa pamoja na mafuta, hivyo usilegeze kifuniko chake kabla ya kuitoa hewa polepole kwenye vali yake. Nyuki wanapenda sana mkia, tuma mtu anayewajua. Na zile saa za mbele ya rubani zenye namba zilizokuwa zinang'aa gizani, usizikwangue wala usizifungue. Rangi ile mara nyingi ina radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, na mng'ao ukifa sumu inabaki. Kwa miaka mingi radiamu nyingi ya dunia ilitokana na mawe ya mgodi wetu wa Shinkolobwe, kwa hiyo sisi wa Katanga hatuna udhuru wa kutojua. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki, funga, kisha zitie ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na watoto.

Msimu wa kazi ni Mei na Juni. Mvua imekwisha, njia imekauka, na moto wa kiangazi haujapita. Kata nyasi kwa mkono kuizunguka ndege, usizichome.

Huo moto wa kiangazi ndio adui ambaye wengi hawamhesabu. Alumini ya ndege si ile ya sufuria. Ni duralumini, na ndani yake mna shaba kama asilimia 4, pamoja na magnesiamu kidogo. Nguvu yake inatokana na jinsi ilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani, na moto wa nyasi unaoirudia mwaka baada ya mwaka unaivua nguvu hiyo bila kuiyeyusha. Kwa macho bati linaonekana zima. Angalia rangi: ikiwa imevimba na kubabuka upande wa chini tu, moto ulipita chini. Kunja kidogo ncha ya bati kwa koleo. Lililo zima linakurudishia mkono, lililochoka linakunjika na kubaki hivyo. Weka alama nyekundu kwenye kila kipande kilichochoka. Hakitupwi, kitatumika kama kielelezo cha kuchongea kipya, lakini hakitabeba uzito tena.

Kabla ya kufungua chochote tandaza kamba kuwa miraba juu ya eneo lote, piga picha kila mraba, kila kipande kabla hakijasogezwa na baada ya kusogezwa. Karatasi huliwa na mchwa, na wino wa kalamu hufutwa na jasho. Sisi tulikata vibati kutoka makopo ya soda, tukagonga namba kwa msumari na kuvifunga kwa waya wa shaba uliovikwa plastiki. Waya mtupu wa shaba usiufunge kwenye alumini, maana penye unyevu shaba inaila.

Kwenye Harvard mabawa ya nje yameungwa na bawa la katikati kwa safu ya boliti juu na chini, na safu hiyo imefichwa chini ya utepe wa bati. Ondoa utepe, nyunyizia mafuta ya kulegezea, kisha ondoka. Rudi kesho, nyunyizia tena, gonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo ili kutu ipasuke. Boliti ikikataa kabisa, toboa katikati ya kichwa mpaka kianguke, usitie patasi kati ya bawa na bawa. Kabla ya boliti ya mwisho kutoka, bawa liwe limekaa juu ya vitanda vya miti vyenye magunia yaliyojazwa majani, na watu wawe wameshika ncha. Wachague mwenyewe, na mmoja tu ndiye awe na sauti ya kuamuru.

Ribiti, vile vipini vinavyoshika bati kwa bati, nazo zinasomwa. Chukua kioo cha kukuzia, futa kichwa cha ribiti kwa kidole chenye mafuta. Ukiona kishimo kidogo katikati, hiyo ni ribiti ya kawaida, na kishimo ndicho mahali ncha ya keekee inapokaa. Ukiona vistari viwili vilivyoinuka, ni ile ngumu, na penye hiyo ujue mtengenezaji aliogopa mzigo mkubwa. Toboa kina cha kichwa tu, kwa keekee isiyozidi unene wa ribiti. Kichwa kikilegea kivunje kwa kuinamisha kijiti cha chuma, kisha sukuma mwili utoke huku mwenzako akiegemeza kipande cha mti upande wa pili. Anayechonga ribiti kwa patasi anageuza tundu la mviringo kuwa yai, na tundu la yai ni bati lililopotea. Kwa kazi hii mimi huwataka vijana wanaotengeneza redio, wana subira ya vidole.

Kuhusu njia ya kutokea, wenye haraka wanapaswa kujua habari ya Corsair. Tarehe 14 Machi 1939 ndege hii ya majini ya Imperial Airways ilipotea njia ikatua kwenye mto mdogo kule Faradje, kaskazini-mashariki mwa Kongo yetu, ikapasuka tumbo. Mafundi walitoka Uingereza wakaiziba, ikajaribu kuruka, ikagonga jiwe, ikazama tena. Ndipo wenyeji walipojenga boma la kuzuia maji ili mto upate kina, na tarehe 6 Januari 1940, vita ya dunia ikiwa imeshaanza, ikaruka kutoka hapo. Walioiokoa ni wale waliobeba mawe, na majina yao hayasikiki. Lipa wanakijiji kwa siku, mkononi, mbele ya chefu, na majina yao yaandike kwenye daftari lile lile la vipande.

Vitu vidogo vilitoka kwa baiskeli za wauza makala. Vijana wale wanasukuma mzigo wa magunia umbali ambao lori linaukimbia, na wanajua kila mchanga na kila daraja la magogo. Injini haiendi hivyo. Ile Wasp ya mitungi tisa ina karibu kilo 400. Iinue kwa palani, mnyororo wa kunyanyulia mizigo, chini ya miti mitatu iliyofungwa vichwa, iweke kwenye sitaha ya magogo, iburute juu ya miti ya kuviringisha. Usilizungushe pangaboi kujaribu kama inazunguka, maana mitungi ya chini huwa imejaa maji na mafuta ya zamani, na ukilazimisha utapinda fimbo za ndani. Toa plagi, mimina mafuta mepesi, ziba matundu kwa vizibo vya mti, na uiache kwa wiki nyingi.

Wasioamini kazi ya mafuta wakumbuke meli ya Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha katika Ziwa Tanganyika Julai 1916, lakini kwanza wakapaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo kila kipande cha chuma kinachoondoka porini kiondoke kimepakwa grisi, pale pale.

Ukifika nyumbani osha kwa maji safi ya mvua na sabuni laini, na brashi ya nywele. Msasa hapana, brashi ya chuma hapana. Bati zuri la ndege limevikwa ngozi nyembamba ya alumini tupu inayomlinda yule mwenye shaba ndani, na ukilisugua ling'ae umelivua nguo. Ile Dornier 17, ndege ya vita ya Wajerumani, iliyotolewa baharini Uingereza mwaka 2013 walilazimika kuinyunyizia maji yenye asidi ya limau kwa muda mrefu ili kuondoa chumvi na ukoko wa bahari. Yetu haikuonja chumvi, usiige dawa isiyo ya ugonjwa wako. Taabu ya Harvard iko kwenye fremu ya mbele ya mabomba ya chuma. Toboa kitundu mahali pa chini kabisa, na maji yakitoka, chukulia bomba lote kuwa limeliwa mpaka ulithibitishe. Lililo zima lijaze mafuta ya kitani ya moto, yamwage, kisha ziba.

Kuunda upya ni kazi ya meza. Chora kutoka kipande cha zamani, kata bati jipya la aina ile ile, kunja kwa kufuata mviringo wa awali, maana kona kali inapasuka. Zile ribiti ngumu zinapashwa hadi karibu digrii 493 za Selsiasi na kutumbukizwa majini, halafu una dakika kama kumi za kuzigonga kabla hazijawa mawe, au uzilaze kwenye friza yenye baridi kali. Umeme ukikatika, zilizomo zote zipashwe upya.

Watu huuliza kama itaruka. Ile P-38, ndege ya vita ya Wamarekani, iliyotolewa chini ya barafu ya Greenland mwaka 1992 iliruka 2002, na palikuwa na fedha na kiwanda nyuma yake. Mimi nashauri ndege ya Katanga isimame chini, na vipande vilivyochoka viachwe vikionekana, kila kipya kikipigwa muhuri wa mwaka kwa ndani. Daftari tengeneza nakala tatu: moja makumbusho, moja kwako, moja kwa chefu.