Kuwapeleka wanafunzi Salaita na kurudi Moshi siku hiyohiyo

Mwalimu mwenzangu, kama unafundisha historia Moshi, Himo au Rombo, Kenya iko karibu kuliko Arusha. Ukivuka Holili tu uko Taveta, mji ambao jeshi la Wajerumani liliuteka kutoka kwa Waingereza Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, na kuukalia hadi Machi 1916. Nimeshawapeleka wanafunzi huko mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Tatu zilizofuata nilipanga hivi.

Hatua ya 1: Chagua vituo viwili

Mlima Salaita, uliopiganiwa Februari 1916, na makaburi ya kijeshi ya Taveta, basi. Vilima vya Latema na Reata, vilivyopiganiwa usiku wa Machi 11, 1916, utawaonyesha kwa kidole mkiwa njiani. Wanafunzi watakuomba muende Ziwa Chala. Kataa. Ni pazuri, ila maji yana kina kirefu na kingo ni mteremko mkali, nawe una watoto wa watu.

Hatua ya 2: Tangulia peke yako

Nenda siku ya kawaida, chukua bodaboda Taveta hadi Salaita, kilomita kumi na kitu kwenye barabara ya Voi. Angalia Kosta itageuzia wapi, kivuli kiko wapi, choo kiko wapi. Pita kwa chifu ujitambulishe. Kwa Kenya huyo ni mtumishi wa serikali, kazi yake inakaribiana na ya mtendaji wetu wa kata. Yeye ndiye atakayekutafutia mwenyeji wa kuwaongoza, na atakwambia kama tembo wameonekana wiki hiyo. Tsavo haiko mbali, na tembo hawajui mipaka ya hifadhi.

Hatua ya 3: Karatasi

Anza miezi miwili kabla. Barua ya mkuu wa shule inapanda hadi kwa afisa elimu, na huko inaweza kukaa mezani wiki tatu bila mtu kuigusa. Barua ikiwa huko, wewe shughulika na haya:

- Hati ya dharura ya safari kwa kila mwanafunzi asiye na pasipoti. Uhamiaji watataka cheti cha kuzaliwa, na kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hakihesabiki mpaka siku 10 zipite tangu sindano, kwa hiyo aliyechanjwa Jumatatu ya wiki ya safari atabaki nyumbani.
- Orodha ya majina, nakala tano, yenye muhuri wa shule na namba ya simu ya kila mzazi.

Majina yakague herufi kwa herufi. Safari ile ya kwanza binti mmoja alikuwa "Mwanaidi" kwenye hati na "Mwanahidi" kwenye orodha yangu. Herufi moja ilitukalisha mpakani saa moja na nusu, Kosta nzima ikinitazama mimi. Siku hizi kila mwanafunzi anasoma jina lake kwa sauti kutoka kwenye hati, mwenzake anafuata kwenye orodha na kalamu mkononi.

Hatua ya 4: Gari, fedha, maji

Dereva awe na bima ya COMESA, ile kadi ya njano, na umwone akiishika, usikubali maneno ya "ipo, mwalimu". Badilisha shilingi za Kenya kabla ya safari. Maji lita mbili kwa kila mtu, kofia, viatu vya kufunika vidole. Kosta moja, wanafunzi 22, walimu watatu, mmoja wao mwanamke.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kituo cha mpakani ni cha pamoja: wakati wa kwenda taratibu za nchi zote mbili zinakamilishwa upande wa Taveta, wakati wa kurudi upande wa Holili. Usipoteze muda kupanga foleni upande usiohusika.

Hatua ya 5: Salaita, kabla jua halijawa kali

Walimu wengi wanakosea hapa kwa kusimama upande wa Taveta na kuanza kusimulia. Ipite Salaita, endelea kidogo kuelekea Voi, kisha mgeuke. Sasa mnautazama mlima kama walivyoutazama Waafrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, asubuhi ya Februari 12, 1916.

Waulize: mngekuwa Wajerumani, mahandaki mngechimba wapi? Karibu wote watasema juu. Ndivyo walivyodhani Waingereza pia, mizinga yao ikapiga kileleni. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, miguuni pa mlima, nyuma ya vichaka na boma la miiba. Waafrika Kusini walikuwa wageni wa vita hii na waliwadharau askari weusi wa Mjerumani. Askari haohao waliwatoa mbio, na kilichowaokoa ni kikosi cha 130 cha Wabaluchi kutoka India. Siku ile upande wa Waingereza ulipoteza watu 172, kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, 138 wao Waafrika Kusini. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda mpya wa jeshi la Waingereza, alizungukia upande wa Chala, na Wajerumani wakauacha mlima.

Nyamaza hapo dakika tano, waache watembee. Sharti ni moja: chuma chochote kilichoko ardhini hakiguswi, hata kikifanana na kijiko.

Mwenyeji atawasimulia pia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu akidungua watu. Waache wafurahie, kisha uliza: nani aliyemwona? Hilo ni somo la vyanzo vya historia, na hukuliandalia hata chaki.

Hatua ya 6: Makaburini

Kuleni kwanza mjini. Mwenye njaa hasomi jiwe. Kisha wagawe wawili wawili. Kila jozi inakili jina, umri, kikosi na tarehe kutoka kaburi moja. Wakikutana kulinganisha, wataona wenyewe miezi inayojirudia.

Sasa toa kazi ya pili: tafuteni kaburi lenye jina la mpagazi. Dakika kumi na tano. Hakuna kundi langu lililowahi kurudi na jina. Ndipo ninapowakumbusha soko la Kariakoo, Dar es Salaam, na jina lake lilikotoka: Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo wa Mwingereza. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi haya ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Mwaka jana mvulana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kama babu wa bibi yake anaweza kuwa mmoja wao. Sikuwa na jibu, nikampa kazi ya kwenda kumuuliza bibi.

Hatua ya 7: Kurudi

Muwe mpakani saa tisa na nusu alasiri. Hesabu vichwa mara tatu: mkitoka makaburini, kabla ya dirisha la uhamiaji, na baada yake. Hati zote kusanya mwenyewe Holili kabla Kosta haijaondoka, maana zikifika nyumbani mwao, nusu hutaziona tena.