Kusimamisha kibanda cha Nissen

Meja Peter Norman Nissen wa jeshi la Uingereza alibuni kibanda hiki cha bati mwaka 1916. Sehemu zake zote zilipakiwa kwenye gari moja la tani 3, na watu 6 walikisimamisha kwa saa 4.

Anza na sakafu: futi 16 kwa 27. Pima kona hadi kona ya mkabala, kwa kukatiza sakafu, mara zote mbili. Vipimo vikilingana, karibu futi 31 na inchi 4.6, pembe ziko sawa. Usiharakishe hapa, maana sakafu ikienda upande, matundu ya bolti hayatakutana huko juu.

Kila upinde ni vipande vitatu vya chuma vyenye umbo la T. Viunge chini kwa bolti, kisha inua na ufunge miguu sakafuni. Shikiza papi, yaani mbao za kulaza zinazobeba mabati, kwa bolti za ndoano, lakini nati usizikaze mpaka pinde zote zisimame wima.

Mabati matatu hufunika mzunguko mzima wa upinde. Pandisha bati juu ya jirani yake kwa migongo miwili (mawimbi ya bati), ukianzia upande usiotoka upepo. Ukianza kinyume, mvua ya upepo itaingia kwenye maungio.